Sentensi Moja Kuhusu Moshi

Gilbert Skilling alikuwa na mwandiko ambao watu wa Stanley, mji wa koloni la Waingereza kwenye visiwa vya kusini kabisa mwa dunia, waliutambua kabla hawajasoma neno. Herufi zake zilisimama wima, zimeachiana nafasi sawasawa kama mbao za uzio uliojengwa na fundi asiye na haraka. Baba yake alikuwa fundi hasa, na alitaka mwanawe ashike randa. Mwalimu wa shule ndiye aliyechukua karatasi za mtoto akazipeleka ofisini kwa Katibu wa Koloni, na tangu hapo Gilbert hakushika kifaa kizito kuliko kalamu.

Miaka ilipita, akawa karani wa pili. Barua ilipofika kutoka London, yeye ndiye aliyeipa namba. Ilipojibiwa, yeye ndiye aliyeinakili hadi pale chini, kwenye maneno ya kumhakikishia mkubwa wa London kwamba Gavana ana heshima ya kuwa mtumishi wake mtiifu. Tangazo lilipobandikwa kwenye mlango wa banda la kukatia manyoya ya kondoo, huko mbali mashambani, wachungaji walisema, "Skilling kaandika," kana kwamba Gavana hayupo.

Alikuwa mwoga, na kila mtu alijua. Alivuka barabara akikutana na farasi asiyemfahamu. Hakupanda boti ila kwa lazima. Mkewe, Hester, alikuwa akimtania mbele ya wageni: "Mume wangu anaogopa hata chai. Huipuliza mpaka inaomba radhi." Gilbert alicheka pamoja nao, kwa kuwa Hester hakuwahi kumcheka walipokuwa wawili tu.

Mwezi wa Novemba 1914, mwaka ule wa kwanza wa vita, woga wake ukawa woga wa mji mzima. Meli zetu za kivita, zilizopakia makaa bandarini majuzi tu, zilikwenda upande wa Chile na kukutana na Wajerumani. Mbili zilizama na kila aliyekuwa ndani. Mabaharia wale walikuwa wamecheza dansi na dada zetu, wamekula nyama ya kondoo mezani kwetu na kulalamika kwa utani kwamba hatuna chakula kingine. Sasa hapakuwa na chochote kati ya manowari za Kijerumani na sisi isipokuwa bahari na upepo. Tulikuwa na makaa, tulikuwa na mlingoti wa redio, tulikuwa na nyama. Hata mtoto aliweza kuona watakuja wapi.

Ofisini, Katibu wa Koloni, Bwana Thornley, alifanya kazi bila kuvua koti. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye kikohozi, na kwa siku zile aliandika rasimu moja juu ya nyingine: watu wa pwani wasionyeshe taa upande wa bahari, alama za kuongozea vyombo ziondolewe, ng'ombe na farasi wasogezwe mbali na fukwe, boti zifichwe. Alizirusha mezani kwa Gilbert akasema, "Zitengeneze, Skilling, nitie sahihi."

Kuzitengeneza ilikuwa kazi yake. Katibu aliandika kwa haraka. Karani alinyoosha, aliziba pengo, akaongeza neno pale palipohitaji neno. Hakuna aliyeona ajabu.

Gilbert alikaa na rasimu ile ya taa. Dirisha lilikuwa likitetemeka. Alijaribu kujiweka mahali pa Mjerumani aliyesimama kwenye sitaha ya meli na darubini mkononi, akiipitia pwani rasi baada ya rasi. Taa ataiona usiku. Mchana je? Mchana ataona moshi. Moshi utamwonyesha nyumba, nyumba itamwonyesha ghuba, ghuba itamwonyesha njia ya kuja mjini. Akachovya kalamu, na kati ya mistari ya Bwana Thornley akaongeza: *wala moto usiwashwe wala moshi kutolewa katika rasi au ufuo wowote unaoonekana kutoka baharini, isipokuwa moto wa jikoni.* Akaisoma tena, akajisikia salama kidogo. Bwana Thornley alitia sahihi rundo zima huku akikohoa. Matangazo yakaondoka kwa farasi na kwa jahazi la barua.

Kila mtoto wa visiwa vile anajua moto wa ufukweni ni wa nini. Penye waya wa simu, watu huzungumza kwa simu. Pasipo na waya, na maji yako katikati, watu huzungumza kwa moshi. Moto mmoja maana yake leteni boti. Mioto miwili bega kwa bega maana yake kuna mgonjwa, fanyeni haraka. Walio ng'ambo wakiona, nao huwasha mmoja kujibu: tumeona, tunakuja. Gilbert aliyajua hayo tangu akiwa na kaptura. Lakini alikuwa mtu wa mjini, daktari yuko mitaa miwili kutoka mlangoni pake, na siku ile aliwafikiria wanaotazama nchi kutoka baharini tu. Hakuwafikiria wanaotazamana wao kwa wao.

Ndipo ikaja amri ya wanawake na watoto kutoka mjini. Mimba ya Hester ilikuwa imebakiza wiki chache. Dada yake, Effie, aliolewa na mchungaji mmoja, Tam Ferrow, na nyumba yao ilikuwa peke yake kwenye rasi iitwayo Rincon Bayo. Gilbert alitazama ramani ya ofisi akaona rasi hiyo iko mbali na kila kitu ambacho Mjerumani angekitaka. Akamwambia mkewe aende huko.

Gatini, Hester alikalia sanduku lake, shali imefungwa kichwani.

"Utakula nini wewe?" aliuliza.

"Watu wanakula nini hapa? Kondoo."

"Utaunguza."

"Nitamla hivyo hivyo."

"Gilbert, niangalie. Wakija, usiende kujifanya shujaa."

"Mimi?" alisema, na wote wawili wakacheka mpaka Hester akashika tumbo. Boti lilipotoka, hakupunga mkono. Alishika shali kwa mikono miwili kwa ajili ya upepo, na Gilbert akabaki kutazama shali ile hadi ikawa nukta.

Siku zikapita bila meli. Wanaume wa mashambani waliitwa mjini kujiunga na kikosi cha kujitolea, na mmoja wao alikuwa Tam Ferrow. Asubuhi moja aliingia ofisini na bunduki begani, matope hadi magotini, ananuka kondoo na tumbaku. Makarani wengine walisogeza karatasi zao.

"Shemeji!" alisema. "Nimeambiwa hapa ndipo mnapopika amri."

"Hester hajambo?"

"Nilipoondoka alikuwa hajambo, mnene kama pipa, anamfundisha Effie kuoka mkate ambao Effie ameoka maisha yake yote. Sikiliza, hebu niambie. Ile sentensi ya moshi ni ya mkubwa gani huyo mpumbavu?"

Gilbert aliweka kalamu chini.

"Kwa nini?"

"Kwa nini! Mkunga yuko wapi? Moss Creek, ng'ambo ya maji. Boti liko wapi? Moss Creek, ng'ambo. Effie ana nini kule rasini? Ana kiberiti. Basi."

"Atawasha," Gilbert alisema. "Ikifika saa yake, Effie atawasha tu. Nani atamshika?"

Tam alivuta kiti bila kukaribishwa.

"Effie angewasha hata suruali zangu nikiwa ndani. Siyo Effie. Mkeo. Nilimwambia mbele ya tangazo, pale jikoni, nikasema, Hester, hii ni karatasi tu. Akaweka kidole juu ya herufi. Akasema, huu ni mwandiko wa Gilbert, na Gilbert haandiki jambo kwa mchezo. Kama ameandika moshi, basi moshi unaua watu. Nikamwambia anaandika anachoambiwa. Akasema, hata hivyo." Tam alimtazama shemeji yake kwa makini, kisha akasema polepole, "Nani alisema hayo ya moshi, Gilbert?"

Gilbert alitazama kalamu iliyokuwa mezani. Tam alivua kofia, akaivaa tena.

"Mungu wangu," alisema. "Wewe."

Alipotoka, Gilbert alikwenda kwenye simu iliyokuwa ukutani kwenye ukumbi. Ilichukua muda waya kuunganishwa. Aliyepokea Moss Creek alikuwa Bibi Cletheroe, mke wa msimamizi wa shamba, mwanamke mwenye sauti ambayo ingefika mjini bila waya.

"Moshi? Hakuna moshi, mwanangu. Nani awashe? Karatasi yenu imepigiliwa misumari hapa ukutani. Tunapika kwa hofu."

"Mama, mke wangu yuko Rincon Bayo. Siku zake zimekaribia. Tafadhali mpelekeni mkunga avuke, asingoje kuitwa."

"Avuke! Hapa tuna mke wa mhasibu wenu amelala chumba cha pili tangu jana, anauma shuka. Mkunga amwache huyu kwa kubahatisha yule? Boti lenyewe tumelificha ndani kijitoni kama mlivyoamuru. Wakiita, tutalishusha. Bila kuitwa, hapana."

"Hawawezi kuita, mama. Wamekatazwa."

"Ndiyo nakwambia. Nani aliwakataza?"

Alirudisha kipokezi mahali pake. Kwenye kabati la majalada aliitafuta rasimu, akaipata, akaenda nayo kwenye mlango wa Bwana Thornley. Hapo mlangoni alisimama. Katika vita, kuchezea amri ya Gavana lilikuwa jambo la kumtoa mtu kazini, pengine la kumfikisha mahakamani, na alijijua hana moyo wa kukabili hata karipio. Alipiga hodi kwa sababu tu aliogopa kitu kingine zaidi.

"Bwana Katibu, hii sentensi si yako. Ni yangu. Niliiongeza."

Bwana Thornley aliisoma. Gilbert akamweleza yote kwa mkupuo: mioto, boti, mkunga, Hester, kidole juu ya herufi. Nje, gurudumu la mkokoteni lilipita juu ya mawe.

"Ni sentensi nzuri," Katibu alisema hatimaye. "Hilo ndilo tatizo lake. Ningeifikiria, ningeiandika mwenyewe. Wajerumani wanahitaji nyama na makaa, na moshi utawaonyesha nyumba. Tuseme nimeifuta leo. Moss Creek wakawasha, Wajerumani wakaona, wakashuka wakachoma shamba. Nitaandika nini kwa London?"

"Sijui, Bwana."

"Mimi pia sijui." Alikohoa kwa muda. "Mkeo, ni wa kwanza huyu?"

"Wa kwanza, Bwana."

Bwana Thornley aliinuka, akachukua rasimu. "Mwandiko ni wako, Skilling. Sahihi ni yangu. Nikirudi tutaona." Akatoka kwenda kwa Gavana, bila kofia, upepo ukimpeperusha nywele.

Gilbert alijaribu kunakili barua ya kawaida, akaharibu karatasi tatu. Alikuwa na picha kichwani ambayo hakuweza kuifukuza: Effie amekusanya kuni za vichaka na mabonge makavu ya udongo wa kinamasi, ule tunaouchoma badala ya kuni, ameyapanga marundo mawili ufukweni, kiberiti kiko mfukoni mwa aproni, na Hester kitandani anasema hapana.

Katibu aliporudi alikwenda moja kwa moja kwenye simu. "Gavana amekubali, kwa wagonjwa tu. Lakini nitawaambia Rincon Bayo kwa njia gani? Hawana waya, na farasi atachukua siku mbili."

Hapo Gilbert, ambaye hakuwahi kumpa mkubwa ushauri bila kuulizwa, alisema, "Wajibiwe kabla hawajaita, Bwana."

"Maana yake nini?"

"Moss Creek wawashe moto wa jibu, ule mmoja. Effie akiuona atajua wanamtazama, na atajua kwamba kuwasha kumeruhusiwa. Mtu asiyeitwa hajibu bila sababu."

Bwana Thornley alimwangalia, kisha akazungusha mkono wa simu. Ukumbini kote ilisikika sauti ya Bibi Cletheroe.

"Niwashe? Mimi? Wiki nzima mnaniambia nisiwashe!"

"Ni amri mpya, mama. Mimi ni Katibu wa Koloni."

"Na mimi ni Malkia wa Hispania. Amri zinakuja kwa karatasi. Mjerumani akinikuta na moto pwani, nitamwonyesha nini, sikio langu? Nipe namba."

Bwana Thornley alifunika kipokezi. "Anataka namba."

Gilbert alikuwa tayari amefungua daftari la barua. Alisoma namba iliyofuata, Katibu akaitamka pamoja na tarehe na maneno "kwa amri ya Mtukufu Gavana." Bibi Cletheroe aliirudia yote polepole, akiandika.

"Haya," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilishuka. "Tuombeeni. Naona bahari yote kutoka hapa, nayo bahari itauona moto huu."

Aliwaachia laini wazi. Katibu alirudi kwenye kazi zake, Gilbert akabaki na kipokezi sikioni. Alisikia mlango, mbwa, mtu akiita wenzake walete mafuta ya taa. Kisha hakusikia kitu. Kisha Bibi Cletheroe: "Unawaka. Moshi mnene, umelala na upepo." Baadaye: "Hakuna kitu ng'ambo." Baadaye tena: "Hakuna, mwanangu." Kila aliposema hivyo Gilbert alisema ahsante, kama vile amepewa kitu. Aliwaza kwamba pengine hakuna tena wa kuwasha. Aliwaza kwamba moshi ule sasa umeingia kwenye darubini ya mtu.

"Ngoja," Bibi Cletheroe alisema. "Ngoja, ngoja. Mmoja."

Gilbert aliegemea ukuta.

"Miwili. Ni miwili! Bega kwa bega! Joe, shusheni boti! Mkunga, acha hilo beseni, huyu hapa nitamshika mimi!" Kipokezi kilianguka mahali fulani na kubaki kikining'inia, kikigonga ukuta.

Saa ile ile kengele ya kanisa ikaanza kulia. Haikuwa kengele ya sala. Mlinzi wa kilimani alikuwa ameona moshi baharini, si wa meli moja. Waya zote zilichukuliwa na jeshi. Wanaume walikimbia na bunduki, na Gilbert, ambaye kazi yake katika hatari ilikuwa kuficha sanduku la maandishi ya siri, alilibeba hadi nyuma ya ofisi, kwenye shimo la kinamasi lililoandaliwa, akaanza kulifukia kwa mikono kwa sababu hakuona koleo lililosimama mbele yake. Udongo mweusi ulimjaa kwenye kucha. *Nimewaita mimi,* alisema kimoyomoyo. *Nimewawashia mimi.*

Zilikuwa meli zetu. Zilikuwa nyingi kuliko tulivyowahi kuona, na watu walilia barabarani. Asubuhi iliyofuata Wajerumani walikuja kweli, wakakuta nani anawangojea, na siku nzima mizinga ilisikika ikienda mbali upande wa kusini. Mji ulishangilia. Gilbert alikwenda kwenye simu mara nyingi kadiri walivyomruhusu, na kila mara aliambiwa waya ni wa jeshi. Alipopewa ruhusa ya kuondoka, alipanda farasi asiyemjua, Tam akamwongoza njia yote.

Boti la Moss Creek liliwavusha. Effie aliwapokea ufukweni. Majivu ya mioto miwili yalikuwa bado yapo juu ya mawe. Alimkumbatia mumewe, kisha akamtazama Gilbert, akasema, "Yuko hai. Ingia."

Hester alikuwa ameinuliwa kwa mito, uso mweupe kama shuka. Kando ya kitanda hapakuwa na kitu. Gilbert alipiga magoti akauweka uso wake mkononi mwa mkewe.

"Alikuwa mvulana," Hester alisema. "Alichelewa sana ndani. Mkunga alisema kama angefika asubuhi, labda mtoto angeishi. Mimi alinishika nikiwa naondoka duniani."

"Hester."

"Effie alitaka kuwasha tangu alfajiri. Nilimkatalia. Nilimshika aproni. Nilimwambia wewe unajua kitu tusichokijua."

Jikoni, Tam na Effie walisikia kila kitu, kwa kuwa nyumba ilikuwa ndogo.

"Ulijua nini, Gilbert?"

Angeweza kusema ilikuwa amri ya Katibu. Tangazo lilikuwa na sahihi ya mtu mwingine, na Bwana Thornley mwenyewe alikuwa amekubali kuibeba.

"Sikujua chochote," alisema. "Katibu hakuiandika. Niliiongeza mimi. Niliogopa."

Hester alitazama dari. Mkono wake ulikuwa bado chini ya shavu la mumewe, na Gilbert alingoja auvute. Alingoja huku amefumba macho, kama mtu anayengojea mlio wa mzinga baada ya kuona cheche.

"Mimi pia niliogopa," Hester alisema. "Nilidhani ni mimi peke yangu."

Hakuuvuta mkono. Hakusema amemsamehe pia, si siku ile. Alimwambia afunge dirisha, kwa kuwa upepo ulikuwa unaingiza majivu.